Siku Dereva Alipopatikana

Mjomba Mwakio alipozikwa kule kijijini kwao, Mghange, sikwenda. Binti yake, Shali, alinipigia simu akanieleza siku na saa ya mazishi, akasema familia ingependa niseme maneno mawili kwa niaba ya wapwa. Nikamwambia nina kazi. Shali si mjinga. Akasema, "Wakesho, mtu amekufa." Nikamjibu kwamba nimesikia. Hiyo ndiyo rambirambi niliyotoa, na mpaka leo sijaona haja ya kuiongeza.

Kesho yake kazini, kijana mmoja wa idara yetu alitoa stoo kompyuta kuukuu, akaiwasha bila kuipuliza vumbi kwanza. Feni ikazunguka kwa shida, na ile harufu ikatoka: vumbi lililopata moto, plastiki, na kitu kama nywele zilizoguswa na mkaa. Nilimwambia aizime. Akaniuliza kama imeharibika. Nikasema izime tu. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, nikiwa na hasira ya mtoto wa miaka saba, hasira isiyojua iende wapi.

Mliokulia kwenye miji ya barabarani mtaelewa nikisema kwamba Voi haikunipokea. Tulitoka Mwatate, mimi na Mama, tulikokuwa tunakaa chumba kimoja nyuma ya soko. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa, kutoka bandarini Mombasa mpaka mpakani Malaba na ng'ambo yake. Alikuwa anakuja akiwa na harufu ya dizeli kwenye kola ya shati, na mkungu wa ndizi za kupika uliofungwa kwa kamba ya turubai. Halafu akakawia kuliko kawaida yake. Halafu akakawia zaidi. Mama alifunga vitu vyetu katika shuka mbili, akaniambia tunaenda kukaa kwa kaka yake Voi, kwa muda. Nilipouliza Baba atatupataje, alisema, "Baba yuko safarini. Akirudi atajua." Nilitosheka. Mtoto hutosheka haraka akiwa anampenda anayemdanganya.

Mjomba Mwakio alikuwa na saiba, chumba cha kukodishia watu kompyuta na mtandao. Miaka mingi alikuwa ameajiriwa Mombasa katika ofisi fulani, akitunza mashine zao, na alipoacha kazi alirudi na kompyuta zilizochakaa ambazo wenyewe walikuwa wamezitupa. Akazipanga ukutani katika chumba chenye paa la mabati, akaweka mbao za kutenganisha wateja, akaandika jina la saiba juu ya mlango kwa rangi nyekundu iliyochuruzika. Sisi tulipewa chumba cha nyuma, kilichokuwa na masanduku ya waya na dirisha moja lililotazama kichochoro. Joto la chumba kile lilikuwa la tanuri. Vumbi jekundu la Voi liliingia chini ya mlango hata ukiweka gunia, likakaa kwenye mate yako.

Kompyuta zake zote zilitumia mfumo wa Linux. Watu walimuuliza kwa nini hatumii ile ya kila mtu, na alipenda sana kuulizwa. Alisema hii ni ya bure, na hakuna mtu wa leseni atakayekuja kubisha mlangoni kwake. Lakini nadhani kulikuwa na sababu nyingine. Ilikuwa ngumu, na Mjomba alipenda chochote ambacho watu wengine hawakiwezi. Mteja akikwama, Mjomba hakumwonyesha. Alimsukuma pembeni kwa bega, akagonga kibodi haraka haraka, akasema, "Usiguse tena usichokijua," kisha akarudi kwenye kiti chake.

Mama ndiye aliyefanya kazi yote iliyobaki. Alifagia, alichapa barua za watu, alipokea wateja, alipika. Aliwahi kusomea upigaji chapa Wundanyi kabla hajaolewa na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Sikuwahi kumsikia Mjomba akisema asante. Alikuwa na namna ya kumwita, "Mkawasi," kwa sauti ya kushuka, kama mtu anayeweka mzigo chini, na Mama aliacha alichokuwa akifanya akaenda. Kwangu hakuwa na jina. Nilikuwa "huyu". Huyu amekula? Huyu mbona amesimama mlangoni? Mwambie huyu asiguse waya.

Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na duka la Bi Maimuna, mama mtu mzima wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Voi tangu enzi za reli ya zamani. Alikuwa anapiga picha za pasipoti, anatoa nakala, na alikuwa na kompyuta moja yenye modemu ya kuingilia mtandaoni. Yeye na Mjomba walikuwa hawasemezani. Nilichosikia ni kwamba Mjomba aliwahi kutaka kupanga chumba chake, na Bi Maimuna akampa mtu mwingine, kisha akaleta mashine ya kutoa nakala wiki ileile Mjomba alipoleta yake. Kwa kosa hilo Mjomba alipigilia mabati kwenye dirisha lake la upande ule, akakubali kukaa gizani na joto mradi asimwone. Sisi tulikatazwa kukanyaga kwake. Hata salamu tulikatazwa. Bi Maimuna alikuwa akinisalimia hata hivyo, kwa sauti kubwa ya makusudi, ili ipenye mabati. "Hujambo mwanangu? Mamako hajambo?" Nami nilikimbia ndani bila kujibu, nikiona aibu nisiyoielewa.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja na radi. Ilikuwa mchana, mawingu yametanda kuanzia upande wa mashamba ya katani, na wateja walikuwa wengi kwa sababu barua za kujiunga na kidato cha kwanza zilikuwa zimeanza kutolewa kwenye mtandao. Kulikuwa na wazazi waliosimama mpaka nje. Mjomba alikuwa anawaambia watulie. Kisha kukatokea mwanga mweupe na mlio mmoja mkavu, taa zikafa, na kutoka kwenye ile kompyuta kubwa ya pembeni aliyoiita sava ukatoka uzi mwembamba wa moshi. Harufu ile ndiyo niliyokuja kukutana nayo tena kazini baada ya miaka yote hii.

Stima iliporudi, kompyuta zote ziliwaka, hata sava. Lakini mtandao haukuwepo. Mjomba alifungua ubavu wa sava, akachomoa kipande cha plastiki ya kijani chenye meno ya shaba, akakinusa. Kilikuwa kimeungua upande mmoja. Hiyo ndiyo kadi ya mtandao, mahali waya wa modemu ulipoingilia, na bila hiyo kompyuta zote za chumba kile hazikuwa na maana zaidi ya televisheni zisizo na picha. Wazazi wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Tulisikia viatu vyao vikivuka kichochoro kuelekea kwa Bi Maimuna. Mjomba alisikia pia. Alisimama na ile kadi mkononi, taya zikimcheza.

Kadi nyingine ililetwa kutoka Mombasa. Mjomba aliipachika mwenyewe, akaketi, akaandika lspci, na mashine ikaorodhesha vitu vilivyomo ndani yake. Kadi ilikuwepo. Ilionekana kwa jina. Lakini alipoiambia ifanye kazi, haikujibu. Alirudia. Alizima, akawasha. Alichomoa, akafuta meno ya kadi kwa kifutio changu cha shule, akachomeka tena. Mwishowe aliegemea nyuma akasema maneno ambayo yalinifanya niache kula.

"Inaonekana, lakini haina dereva."

Mama alikuwa ameinama juu ya bega lake. "Dereva yuko wapi?"

"Hayuko. Hakuja nayo. Lazima atafutwe."

Nilikuwa nimeketi sakafuni na sahani ya pure, mahindi na maharagwe, mapajani. Naomba mnielewe, wenzangu. Nilijua neno dereva kabla ya kujua mengi mengine. Nilipoulizwa shuleni baba yako anafanya kazi gani, nilijibu dereva. Hapakuwa na dereva mwingine duniani. Na sasa watu wazima wawili, mmoja wao hakuwahi kulitaja jina la Baba mbele yangu isipokuwa kwa kukunja mdomo, walikuwa wanakubaliana kwamba dereva hayupo na lazima atafutwe.

Jioni ile Mama alikuwa anapiga pasi ya mkaa chumbani kwetu. Nilimuuliza, "Mama, dereva akipatikana, atakuja hapa?"

Pasi ilisimama juu ya kitambaa kwa muda wa kutosha hata nikasikia harufu ya kuungua. Akaiinua.

"Akipatikana atakuja," akasema.

"Atakula hapa nyumbani?"

Mama alinitazama. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa, umelowa jasho, nywele zimeshika kwenye paji. "Atakula," akasema, akarudi kupiga pasi.

Sasa nikaanza kuifuatilia kazi ile kama mtu anayefuatilia kesi mahakamani. Kila nilichosikia nilikitafsiri. Mjomba alieleza kwamba dereva yuko kwenye mtandao, anaweza kupatikana huko, lakini huwezi kufika kwenye mtandao bila dereva. Alicheka kwa uchungu alipolisema hilo, na mimi nikaliona ni la kweli kabisa. Hakuna kinachoenda bila Baba, na Baba hawezi kuja bila kitu kwenda kumchukua. Nilidhani wanazungumza juu ya lori.

Saiba ilikaa bila wateja. Mjomba alizidi kuwa mkali. Alimlaumu Mama kwa radi, kwamba hakuchomoa waya alipoona mawingu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amekaa umbali wa mkono kutoka kwenye soketi. Alilaumu chai. Alisema tangu tuingie nyumba ile hakuna kilichonyooka. Siku moja alisema, bila kupandisha sauti, "Usipofungua mdomo kunisaidia kufikiri, Mkawasi, kuna njia ya kurudi Mghange kulima mahindi. Mimi siendeshi kituo cha kulea."

Mama alisema, "Kaka, kile kitu unachotaka kipo kwa Bi Maimuna. Ana mtandao. Kinachukuliwa kwa flashi, kinaletwa hapa."

"Umenisikia nikisema nini kuhusu huyo mwanamke?"

"Nimesikia."

"Basi usinirudishie."

Mama alienda. Alingoja mpaka Mjomba alipokwenda Mwatate kuulizia kadi ya aina nyingine, akanishika mkono, tukavuka kile kichochoro ambacho hakikuwa na upana wa kulaza ng'ombe. Dukani kwa Bi Maimuna kulikuwa na baridi ya feni na harufu ya udi. Alitukaribisha kama watu waliotoka mbali.

"Karibu ndani, mwanangu, usisimame juani. Mkawasi, keti. Nduguyo yuwajua kwamba umekuja?"

"Hajui."

"Na asijue. Mimi sina neno nawe. Neno langu ni naye, nalo halina haraka." Kisha akasogeza kiti mbele ya kompyuta. "Haya, tafuta hicho utafutacho."

Mama alikuwa ameandika kwenye kiganja cha mkono, kwa kalamu, jina la kadi kama lilivyotokea kwenye skrini. Alitafuta. Aliposhusha alichopata kwenye flashi, nilimuuliza kama ndiye. Akasema, "Ndiye. Anakuja." Bi Maimuna aliniangalia, kisha akamwangalia Mama, na nikaona nyusi zake zikipanda kidogo. Alinipa kashata, nikaila yote kabla hatujatoka.

Mjomba aliporudi alikuta flashi juu ya kibodi ya sava. Aliishika, akaigeuza. Kila mtu ndani ya chumba kile alijua imetoka wapi, na harufu ya udi ilikuwa bado kwenye nguo zetu. Nilingoja vita vilipuke. Badala yake aliketi, akaichomeka. Hakuuliza swali, na hakumtazama Mama. Tangu siku hiyo nimejua kwamba kuna watu ambao kiburi chao kinaweza kula chochote, mradi kisionekane kikitafuna.

Haikufaulu. Dereva hakuja akiwa tayari. Alikuja kama maandishi marefu ambayo mashine ilipaswa kuyafinyanga yenyewe. Mjomba aliandika make, amri ya kuyafinyanga, mistari ikashuka kwenye skrini, kisha ikasimama kwenye kosa. Kulikuwa na faili nyingine zilizokosekana, za kufanana na toleo lilelile la mfumo wake, si jingine. Mama akavuka tena. Akaleta za toleo lililokaribia, nazo zikakataliwa. Akavuka tena. Mjomba alijua kila safari na kila safari alijifanya anasoma gazeti la juzi. Mara ya tatu mistari iliposhuka mpaka mwisho bila kosa, alipiga meza kwa kiganja, na Mama akacheka. Sikuwahi kuwaona karibu vile. Mabega yao yaligusana. Unaweza kufikiri hapo ndipo ndugu walipopatana. Hapana.

Kwa sababu bado mtandao haukupita. Kadi sasa ilisema ipo, taa yake ya kijani iliwaka, lakini hakuna kilichotoka wala kuingia. Jumapili, saiba ikiwa imefungwa, na kengele ya kanisa ikisikika kutoka upande wa stesheni, Mjomba alikaa mbele ya sava tangu asubuhi akiwa na fulana tu, akisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari. Mama alikuwa anachagua mchele. Mimi nilikuwa chini ya meza, mahali ambapo sikuruhusiwa kuwa.

"Nimeona," akasema ghafla. "Kuna dereva mwingine."

Nilisogea karibu na miguu ya Mjomba.

"Mwingine wa nani?" Mama akauliza.

"Wa mfumo wenyewe. Anafanana na wetu, lakini si wa kadi hii. Kila mashine ikiwaka, yeye ndiye anayewahi kukaa. Yule tuliyemleta anafika anakuta kiti kimekaliwa. Kwa hiyo kadi inaonekana inafanya kazi na kumbe haifanyi."

"Sasa?"

"Sasa huyu anapigwa marufuku. Nikishamwandika kwamba asikubaliwe, yule wetu ataingia."

Vidole vya Mama viliendelea na mchele. Labda alisema kitu kidogo ambacho sikukisikia, kwa maana Mjomba aligeuka, akamtazama, akasema kwa ile sauti yake ya kuweka mzigo chini, "Usinihoji, Mkawasi. Wewe hata mume mmoja ulishindwa kumshika. Usinifundishe mimi kushika mashine."

Chini ya meza niliona miguu ya Mama. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilijikunja, kikashika sakafu. Na mimi, mjinga mdogo wa miaka saba, sikuielewa sentensi ile. Nilikuwa na furaha. Nilielewa tu kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa amekalia kiti cha Baba ndani ya lori, ndiyo sababu hakurudi, na sasa mtu huyo anafukuzwa.

Mjomba aliandika. Akazima mashine, akaiwasha. Feni ikalia. Akaandika modprobe na jina refu baada yake, kumwita dereva, kisha ping, kupima kama mtandao unajibu, kisha akangoja. Majibu yakaanza kushuka kwenye skrini, moja baada ya jingine, kwa mpigo sawasawa.

"Dereva amekubali," akasema.

"Amepatikana?" nikauliza kutoka chini ya meza. Ni swali la kwanza nililowahi kumuuliza Mjomba moja kwa moja.

"Amepatikana. Toka humo."

Nilitoka. Nilikwenda nyuma nikanawa uso na miguu kwa maji ya karai, nikavaa gauni la kanisani na viatu vya shule kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vizima. Sikumwambia mtu. Nilipita nyuma ya maduka mpaka kwenye barabara kuu, mahali ambapo malori hupunguza mwendo kabla ya kuingia mjini, nikasimama.

Jua la Voi saa za adhuhuri halina huruma na mtoto. Lami ilikuwa inameta kama maji. Malori yalikuja kutoka upande wa Mombasa na kutoka upande wa Nairobi. Sikujua atokee wapi, kwa hiyo niligeuza shingo huku na huku mpaka ikauma. Kila lori lilipopita lilinimwagia upepo wa moto na changarawe. Baadhi ya madereva walipiga honi na mimi nilipunga mkono. Mmoja alinicheka, nikaona meno yake. Nilianza kuhesabu rangi za vichwa vya malori ili nisilie. Viatu vikawa vya moto, nikahamia kwenye nyasi kavu, nazo zikawa zinanichoma vifundo vya miguu. Sijui nilisimama muda gani. Kivuli changu kilikuwa chini ya miguu nilipofika, na Mjomba aliponikuta kilikuwa kimelala kando yangu.

Alikuja bado amevaa ile fulana. Saiba ilikuwa imefunguliwa ingawa ni Jumapili, kwa sababu habari ilikuwa imeshaenea kwamba mtandao umerudi. Alikuwa amewaacha wateja. Nadhani Mama alikuwa amemtuma, au alikuwa anatafuta upande wake na yeye akachagua huu. Alisimama mbele yangu, akaniziba jua.

"Unafanya nini hapa?"

"Namngoja Baba."

"Nani amekuambia anakuja?"

"Wewe. Umesema dereva amepatikana."

Nilimwona akifikiri. Ilichukua muda. Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayesoma mistari ile ya skrini, akirudi nyuma kutafuta mahali kosa lilipoanzia. Nilikuwa bado nina nafasi ya kutojua. Mtu mwingine yeyote, hata mlevi wa stesheni, angesema twende nyumbani ukale.

"Dereva ni programu," akasema. "Ni maneno yaliyo ndani ya mashine. Yanaiambia kadi namna ya kufanya kazi. Si mtu."

Niligeuza shingo kutazama lori lililokuwa linakuja.

"Baba yako yuko Malaba. Ana mke huko na ana watoto. Alinipigia simu kabla hamjaja hapa, akaniambia niwachukue kwa sababu yeye hatarudi. Mama yako anajua. Kila mtu anajua isipokuwa wewe. Kwa hiyo usisimame barabarani kama nguzo ya stima. Utagongwa."

Halafu akageuka akaanza kutembea. Hakunishika mkono. Alipofika mbali kidogo alisimama akangoja nimfuate, akiwa amenipa mgongo, na mimi nikamfuata, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mama alitukuta mlangoni. Aliuona uso wangu.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli," Mjomba akasema. "Ule uliokushinda."

Saiba ilikuwa imejaa. Vichwa viligeuka, kisha vikarudi haraka kwenye skrini, kama watu wanavyofanya. Mama hakupiga kelele. Alipita katikati ya viti, akainama mbele ya sava bila kukaa, akaandika mstari mmoja mfupi, wa kumtoa yule dereva, akabonyeza. Chumba kizima kikaguna kwa pamoja. Kila ukurasa ulikuwa umeganda. Alijua fika kwamba Mjomba angeweza kumrudisha kwa mstari mmoja kama huo. Hakuwa anaharibu. Alikuwa anaaga.

Tulitoka na zile shuka mbili. Tulivuka kichochoro, na Bi Maimuna, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kwake kwa sababu hapakuwa na siri mtaani mwetu, alisogea pembeni tupite, akafunga pazia nyuma yetu.

Mama alifanya kazi pale mpaka nilipomaliza sekondari. Miaka yote hiyo kaka yake alikuwa ng'ambo, umbali wa kurusha kandambili, na hawakusalimiana. Mjomba hakuondoa mabati dirishani. Alipopooza upande mmoja, Shali alikuja kumchukua akampeleka Mghange, na Mama alitazama gari likipakiwa, kisha akaendelea kumpanga mteja kwa ajili ya picha. "Inua kidevu kidogo," alimwambia. Baba sikumwona tena. Nilisikia alibadilisha kampuni.

Mimi nilisomea mashine. Watu hudhani nilivutiwa na saiba nikiwa mdogo, nami huwaacha wadhani. Nimeshughulika na kadi nyingi zisizo na dereva tangu wakati ule. Sasa mambo ni rahisi, mara nyingi mfumo wenyewe huja nao, lakini mara mojamoja unakuta ile hali ya dereva asiye wake aliyewahi kiti, na taa ya kijani inayowaka bure. Namtoa kwa utulivu. Vijana husema nina subira.

Wiki baada ya mazishi nilikwenda Voi kumwona Mama. Yeye alikuwa amekwenda mazishini. Alinisimulia nani alikuja, nani alihubiri mno, jinsi ukungu ulivyoshuka Mghange mpaka hawakuona kaburi vizuri. Alisimulia bila machozi na bila chuki, kama habari za majirani. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sikuelewa anawezaje kwenda kumzika mtu aliyemwambia mtoto maneno yale kando ya barabara.

"Alisema ukweli," Mama akasema.

"Alisema kwa ubaya."

"Ndivyo alivyosema kila kitu."

Alikuwa anakatakata sukuma wiki, amezishika pamoja kama tumbaku, kisu kikishuka kwa mpigo mmoja. Nikamuuliza swali ambalo, nadhani, nilikuwa nimelibeba chini ya yale mengine yote.

"Ulijua nilidhani dereva ni Baba?"

Kisu hakikusimama. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza kama atakula."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, magurudumu yakilia. Nilingoja upite.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba anatafuta neno.

"Mimi nilikuwa nimeshaacha kumngoja," akasema. "Nilikuwa nimeacha kabisa, hata ndani ya moyo. Nikaona si vizuri nyumba nzima iache kwa siku moja. Wewe ulikuwa unangoja vizuri."

Alichukua kisu akaendelea na mboga. Nilikaa pale nikimtazama mpaka chakula kikaiva, tukaketi kula. Miaka yote nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, na nilikuwa nimemzoea. Sasa alikuwa amezikwa, na niliyebaki naye alikuwa ananiuliza kama niongezewe ugali. Nilisogeza sahani. Nilimwambia aongeze.